Nilimwandika Mzee Ambaye Sikumsikiliza

Kosa ni langu, na sina wa kumsingizia. Si mashine, si kazi, si watoto, wala si baridi ya nchi hii. Nimekaa na jambo hili tangu majira ya baridi yaliyopita. Mchungaji wangu nimemwambia nusu, mume wangu nimemwambia robo. Leo nalimwaga lote hapa, kwa sababu hapa hamnijui jina wala sura. Majina ya wengine nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, Mtanzania, naishi Alby, pembeni kidogo ya Stockholm. Kwa miaka mingi nimefanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Tumba. Nawaogesha, nawalisha, nawapa dawa, nawasikiliza. Nasema nawasikiliza, mtaona wenyewe.

Kwa umri huu nikajitosa kuanza chuo kikuu, masomo ya ustawi wa jamii, nusu kazi nusu shule. Mama yangu kule Iringa alitangaza kanisani kwamba bintiye yuko chuo kikuu Ulaya. Nikajiona nami mtu. Nadhani hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, kwenye kutaka kuonekana.

Mwalimu wetu wa somo la uzee nitamwita Karin. Hapa mwalimu huitwa kwa jina lake la kwanza hata akiwa profesa, lakini mimi mdomo unakataa, mpaka leo namwita Mwalimu. Alitupa kazi moja kubwa ya muhula: tafuta mzee aliyehamia nchi hii, nenda kwake zaidi ya mara moja, msikilize maisha yake, kisha mwandike.

Kuhusu akili mnemba, ile programu inayokujibu chochote utakachoiuliza, Mwalimu alisema nasi wazi. Hakutukataza. "Itumieni kutafuta maswali mazuri," alisema. "Itumieni kunyoosha Kiswidi chenu. Ikiwachambulia jambo, bishaneni nayo. Lakini majibu yatoke kwenye kinywa cha mtu." Mwishoni kila mmoja aweke ukurasa mmoja wa kueleza ameitumia wapi, na atie saini. Kwa hiyo asije mtu akasema sikuambiwa. Niliambiwa, tena kwa utaratibu.

Mzee wangu nilimpata kupitia watu wa Hallunda, mtaa wa jirani na kwetu. Nimwite Mzee Hamidu. Alikuwa Mganda, Mwislamu, aliyekuja zamani kama mkimbizi na kufanya kazi kwenye dobi la hospitali, kule yanakofuliwa mashuka, mpaka akastaafu. Mkewe alishatangulia. Alibaki na binti mmoja, Rehema, aliyezaliwa hapahapa. Kutoka Alby hadi kwa Mzee ni kituo kimoja cha treni. Kimoja! Ukikaa kwenye kiti, hujavua hata glavu, umefika.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda na simu yangu imejaa chaji, na maswali ishirini ambayo ile programu ilinisaidia kuyapanga. Hapo sikukosea, maswali yalikuwa mazuri.

"Shikamoo Mzee," nikamsalimia mlangoni.

"Marahaba. Nyinyi Watanzania na shikamoo yenu!" akacheka. "Ingia, nyabo. Toa viatu, hapa ni Sweden."

Nyabo ndivyo Waganda wanavyomwita mama kwa heshima. Nikakaa jikoni, nikaweka simu mezani ili irekodi. Mzee akachukua kitambaa cha kufutia vyombo akaifunika.

"Hii ilale kwanza," alisema. "Leo ni siku ya chai. Siku ingine ni ya kujuana. Siku ya tatu ndiyo ya maneno. Sasa wewe unataka kuanza na ya tatu?"

Nikatabasamu, lakini moyoni nilinuna. Nilikuwa na zamu saa nane mchana. Akachemsha chai ya maziwa, akatwanga tangawizi nyingi mpaka jikoni kote kukawa kunawasha pua. Akaongea. Aliongea mengi. Mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani iliyokuwa juu ya kichwa chake. Nikitikisa kichwa, "ehee, ehee", kama ninavyofanya kazini nikiwa na watu wanne wanaosubiri kuogeshwa.

Wakati wa kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Jumamosi ijayo, nyabo. Nitatayarisha."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Nimepoteza Jumamosi nzima kunywa chai." Hayo ndiyo maneno yangu. Nayaandika kama yalivyo ili mnione vizuri.

Jumamosi ya pili mwenzangu kazini aliugua, nikaitwa kushika zamu yake. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Jumamosi ya tatu sikuwa na zamu. Nilikuwa nimejilaza sebuleni. Simu ikalia.

"Nyabo, maji imechemka."

"Mzee wangu, nisamehe, nimebanwa kazini."

Nyuma yangu wanangu walikuwa wanaangalia katuni kwa sauti ya juu. Nadhani alisikia. Akasema tu, "Haya. Kazi ni kazi. Ijayo basi." Jumamosi iliyofuata alipiga tena, na mimi nikaigeuza simu, uso chini, nikaiacha ilie mpaka ikachoka.

Siku ya kukabidhi ilikuwa Jumatatu. Jumapili baada ya ibada nikakaa na kompyuta. Sikuwa na kitu. Ukurasa mweupe. Nikaiandikia ile programu: nipe maisha ya mzee Mwislamu kutoka Uganda, aliyekimbia nchi yake, anaishi peke yake Hallunda, yawe mahojiano, yawe ya kugusa moyo.

Haikuchukua hata muda wa kuchemsha yai. Ikaniletea mzee kamili. Mzee huyo alitembea porini siku nyingi na furushi kichwani. Mama yake akamfia mikononi kwenye kambi ya wakimbizi. Akafika kwenye theluji bila soksi. Na kila baada ya aya mbili akatoa neno la hekima.

Nikalia. Wallahi, mimi Mkristo naapa hivyo, nililia machozi ya kweli mbele ya kompyuta. Nikamwonea huruma mzee ambaye hayupo, na aliyepo nimekataa kumpokelea simu, kituo kimoja cha treni kutoka nilipoketi.

Nikarekebisha hapa na pale ili ifanane na mimi. Mwanzoni nikaongeza jiko, kitambaa cha vyombo, na chai yenye tangawizi nyingi, ili msomaji aamini nilikuwepo. Kwenye ule ukurasa wa maelezo nikaandika kwamba programu imenisaidia kusahihisha Kiswidi peke yake. Nikatia saini. Usiku huo nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Mwalimu aliipenda mno. Alisimama darasani akasoma sentensi moja kwa sauti: "Nchi niliiacha mlangoni, lakini jina langu nililivaa." Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mnafiki mkubwa.

Nilikuwa nimekaa na mwenzangu Mkongomani, nimwite Mama Neema. Akanisogelea sikioni. "Dada, ile phrase, mzee alisema yeye mwenyewe? Wazee ya kwetu habasemake vile."

"Ndiyo, alisema," nikamjibu. "Wa kwangu anasema hivyo."

Mama Neema naye aliitumia ileile akili mnemba, na nataka mjue alivyoitumia. Alimrekodi bibi mmoja kwa siku tatu, Kiswahili kimechanganyika na Kifaransa. Programu ikamsaidia kuyaweka maneno kwenye Kiswidi. Kisha akarudi kwa yule bibi akamsomea tena kila ukurasa kwa lugha yake, na bibi akamfutisha kurasa mbili nzima akisema hayo hakuyasema hivyo. Mama Neema alipata alama za chini kuliko zangu. Nilimhurumia siku hiyo, nikajiona mimi ndiye mjanja.

Wiki chache baadaye, nikiwa kazini, nikasikia Mzee Hamidu amepigwa na kiharusi. Upande wa kulia umekufa na ulimi umefungwa. Alilala hospitali wiki tatu akitazama watu bila neno. Sikwenda kumwona. Mimi ambaye nazunguka na wagonjwa wa kiharusi kila siku, najua namna ya kukaa nao, sikwenda. Niliogopa macho yake. Akafariki.

Mazishini nilikwenda, nikasimama nyuma kabisa. Baada ya dua, Rehema akanifuata. Ni binti wa miaka thelathini hivi, mrefu, anaongea Kiswidi cha haraka na Kiswahili cha kuvunjikavunjika.

"Wewe ni yule wa chuo?" aliniuliza. "Baba alisema wewe kila siku."

Kisha akanieleza, nusu Kiswahili nusu Kiswidi, kitu ambacho sikukijua. Yeye na baba yake waliishi hivi: baba anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiswidi. Mambo ya chakula na shule yalipita. Mambo makubwa yalianguka katikati. Na tena yapo mambo ambayo mzee wa kwetu hamwambii binti yake uso kwa uso, anaona haya. Humtafuta mtu wa kati. Mzee Hamidu aliniteua mimi kuwa mtu wa kati.

"Aliniambia, 'Yote nampa yule nyabo wa chuo. Anaandika Kiswidi, wewe unasoma,'" Rehema akasema. "Mimi sijui kitu kuhusu baba. Sijui hata alitokaje Uganda. Unayo, si ndiyo?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi pale. Neno moja tu lilihitajika. Nikasema, "Ninayo. Nitakuletea."

Nikampelekea. Tena kwa sababu arobaini ilikuwa inakaribia na wazee wangetaka kusikia, niliiambia programu iigeuze kazi yangu iwe Kiswahili. Nikaichapisha kwenye karatasi nzuri.

Arobaini ilifanyika kwenye ukumbi wa chini wa jengo lao Hallunda. Waislamu walisoma hitima, Wakristo tulikaa nao kwa adabu, ikapakuliwa pilau. Kisha Rehema akasimama na karatasi zangu. Alisoma polepole kama mtoto wa darasa la pili, na kila alipokwama watu walimsaidia kwa upole. Alisoma jiko, akasoma chai ya tangawizi, watu wakacheka kwa machozi, "ndiyo yeye huyo". Akafika porini. Akafika kambini, mama anakufa mikononi.

Mzee mmoja akainua mkono. Ni Mzee Okello, Mganda mwenzake Hamidu, Mkristo, rafiki yake wa tangu ujana.

"Ngoja kwanza, mtoto wangu," alisema. "Huyo wa porini ni nani? Hamidu alikuja na basi. Ni mimi nilimpokea Nairobi, amevaa suti ya kijivu kama anaenda harusi. Na mama yake hakufa kambini. Mama yake alikufa juzi tu, mwanamke mzee sana. Hamidu alikuwa anampigia simu kila Ijumaa, sisi wote tunajua."

Watu wakaguna. Rehema akaangalia karatasi, akaangalia kule alikokaa Mzee Okello, kisha akaniangalia mimi. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama.

Sikilizeni sasa nilichofanya, maana ule uongo wa chuo ulikuwa mdogo mbele ya huu.

Nikasimama. Nikashika sauti yangu ya kazini, ile laini. Nikasema, "Jamani, kazini kwetu tunayaona haya sana. Wazee huchanganya mambo. Pengine Mzee wetu alikuwa ameshaanza kupoteza kumbukumbu, na sisi hatukujua."

Nilimpaka tope maiti ili mimi nibaki msafi. Na waliniamini! Si nafanya kazi na wazee? Si nasoma chuo kikuu? Akina mama wakatikisa vichwa, masikini Hamidu, kumbe. Mzee Okello hakutikisa kichwa. Alikaa akatazama sahani yake. Rehema akakunja karatasi taratibu, akakaa.

Baada ya hapo Rehema alianza kunipigia simu. Aliniita dada. Aliuliza dalili zinaanzaje. Alikumbuka siku baba yake aliposahau funguo, siku alipomwita kwa jina la marehemu mama yake. "Mimi ni binti yake na sikuona," alisema akilia. "Nilikuwa nakuja mara moja kwa wiki, nakula, naondoka. Mtu wa nje ndiye aliona." Na mimi nikambembeleza. Nikamwambia asijilaumu, familia nyingi hazioni. Nilimfariji kwa jeraha nililomtia mwenyewe. Nikikata simu nilikuwa naingia bafuni na kufungulia maji ili watoto wasinisikie.

Kisha siku moja, saa ya chakula cha mchana, nikiwa Tumba na kopo langu la wali, Rehema akanitumia picha. Alikuwa anaondoa vitu vya baba yake ili arudishe nyumba ya kupanga, na nyuma ya kalenda ya jikoni amekuta karatasi. Mwandiko wa Mzee, umenyooka, wa mtu aliyesoma zamani kwa wamisionari au kwa walimu wakali. Juu ameandika: Ya kumwambia nyabo wa chuo, Jumamosi. Na tarehe. Ilikuwa tarehe ya ile Jumamosi niliyogeuza simu uso chini.

Chini yake aliorodhesha:

Suti ya kijivu, nani alinishonea na kwa nini hakutaka malipo.

Siku kumi na moja kwa yule mama aliyenificha. Jina lake lazima liandikwe.

Kwa nini nilimpigia mama kila Ijumaa na sikwenda kumzika.

Dobi la hospitali, mimi na mama Rehema, nani alianza kumsalimia mwenzake.

Ugomvi na Okello, miaka miwili bila salamu. Kosa langu. Aandike hivyo.

Jina la Rehema nililitoa wapi.

Picha iliishia hapo, chini ilikatwa. Rehema aliandika kwa Kiswidi: Alikuwa sawa kabisa. Kichwa chake kilikuwa sawa. Kwa nini hakuna hata moja ya haya kwenye karatasi zako?

Nilifunika kopo la wali. Nilimaliza zamu sijui vipi, nikapanda basi mpaka Hallunda nikiwa na sare yangu ya kazi chini ya koti. Rehema alifungua mlango. Jiko lilikuwa lilelile, ila kabati zote wazi na maboksi sakafuni. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, viatu mkononi. Nilikuja mara moja. Nilikunywa chai. Mengine yote yameandikwa na mashine. Na baba yako hakuwa mgonjwa wa kumbukumbu, nilisema vile kujiokoa.

Nilitegemea matusi, na ningeyashukuru. Rehema akauliza swali moja, kwa Kiswahili, polepole.

"Kwa hiyo huyu mama aliyemficha, hakuna mtu anajua jina lake?"

"Hakuna," nikasema.

"Nenda nyumbani," akasema.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu Karin nikamweleza. Alivua miwani. Hakunifokea. Alisema, "Nilikuruhusu kuitumia. Ningekusaidia kuitumia. Ungekuja ukaniambia mzee anataka siku tatu, ningekupa mwezi." Hakuna kilichoniuma chuoni kama hicho, kwamba muda ulikuwepo wa kuombwa tu. Baadaye akasema na yeye ana la kujuta: aliisifia ile sentensi kwa sababu ndivyo alivyotaka mzee wa Kiafrika aongee. Suala likapelekwa kwenye kamati ya nidhamu, nikasimamishwa muhula mmoja. Siku hizi, naambiwa, kila mwanafunzi wake hukaa naye nusu saa amsimulie kwa mdomo aliyoyasikia, kabla ya kuandika chochote, na programu wanaitumia pamoja darasani na kuitafutia makosa. Ni utaratibu mzuri. Umenikuta nimeshaharibu.

Kwa watu wa arobaini nilipiga simu mmoja mmoja. Wengine walinikatia. Mzee Okello alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua. Hamidu alisahau kitu kimoja tu maisha yake yote, kuniomba samahani." Akakata. Kuhusu ule ugomvi wao anajua upande wake. Upande wa Hamidu umezikwa naye.

Niliamini Rehema sitamwona tena. Lakini mwezi uliopita alinipigia.

"Njoo," alisema. "Ile siku moja uliyokuja. Nataka kusikia baba alisema nini."

Alikuwa na daftari na kalamu juu ya meza. Hakuweka simu ya kurekodi, daftari tu. Nikafumba macho nikajaribu. Alisema majirani wanaiba zamu za kufulia nguo kwenye chumba cha pamoja cha jengo. Alisema maziwa ya hapa hayana mafuta. Kulikuwa na kitu kuhusu baiskeli, sikumbuki ilikuwa ya nani. Akataja jina la mji, nikasema ehee, na sikusikia ni mji gani kwa sababu nilikuwa nahesabu dakika za treni. Nilipokwama alisubiri. Nilikwama tena. Rehema aliandika yote, hata yale ya maziwa. Hayakujaza ukurasa.

Alipomaliza akanionyesha ile karatasi yenyewe, siyo picha. Kwenye picha mstari wa mwisho ulikuwa umekatwa. Mzee aliandika: Na mimi nimuulize habari za kwao. Siku ile alikuwa na haraka, sikumuuliza nani alimlea.

Nimelelewa na bibi yangu mzaa baba. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo tangu nifike nchi hii.

Rehema ana wazo lake. Anadhani yule mama aliyemficha baba yake siku kumi na moja ndiye aliyeitwa Rehema, na yeye akapewa jina hilo. Inawezekana. Aliniuliza mimi naonaje, maana ndiye niliyetumwa kuuliza. Nilimwambia sijui. Atakufa hajui, na sababu ni mimi.

Basi wewe unayesoma, uliye chuoni au unayefundisha, sikwambii uitupe mashine. Iulize, ikupangie maswali, ikunyooshee lugha, na useme wazi imekusaidia wapi. Lakini ukitumwa kwa mtu, nenda kwa mtu. Akikwambia leo ni siku ya chai, kaa unywe, na kesho urudi. Mashine ilinipa mzee mzima kwa dakika moja, na hakuna hata unywele wake uliokuwa wa Hamidu.

Katika kurasa zote zile nilizotia saini, cha kweli zaidi kilikuwa tangawizi. Ilikuwa nyingi, ilitwangwa mbele yangu, na iliwasha koo. Hilo nina uhakika nalo, kwa sababu ile chai niliinywa mwenyewe.